Mnywaji wa Tanga asisubiri kikundi cha pombe peke yake

Mtu wa Ngamiani akitamka kwamba anataka kuacha pombe, ushauri haukosekani: aoe, ahamie shamba, aapishwe, afungiwe chumbani wiki nzima. Wachache sana watamwambia aende akakae na watu walioacha. Naye akiambiwa, hutafuta kibao chenye herufi AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe), hakioni, basi anasema Tanga hakuna kitu.

Kwa maoni yangu anakosea jina la kutafuta. Pwani yetu iliumizwa sana na heroini, na huduma nyingi za uraibu zilizopo huku zilianzishwa kwa ajili ya watu wa unga: soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wakiacha, na mikutano ya NA (Narcotics Anonymous), vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya. NA ilianza Marekani mwaka 1953 kwa kufuata hatua 12 za AA, ambayo ni ya mwaka 1935. Kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya, na sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Mnywaji wa gongo au wa mnazi ana kiti pale. Kinachomrudisha mlangoni ni kauli ya "mimi si teja". Naielewa, maana mji wetu ni mdogo na jina hilo linachoma, lakini watu waliomo ndani wameshaitwa hivyo mara nyingi na hawatamwita mwenzao.

Kabla ya mkutano kuna hospitali, na hapa naomba tuelewane vizuri. Anayekunywa kila siku, anayeamka mikono ikitetemeka hadi apate kidogo ndipo ashike kikombe cha chai, asikate ghafla nyumbani. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza kati ya saa 6 na 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho: jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kupaa. Kifafa kinaweza kumshika ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine hupata homa, huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, na nyumbani watu husema ni majini. Hali hiyo inaua. Ndiyo maana nahofia zaidi siku za mwanzo za Ramadhani, pale mtu wa chupa kila usiku anapoacha kwa mkupuo mwezi ukiandama, bila daktari kujua.

Aende Bombo, hospitali ya mkoa wetu, aseme ukweli anakunywa kiasi gani na alikunywa lini mara ya mwisho. Daktari ana dawa za kutuliza arosto, na atampa vitamini B1, ambayo kwa walevi wa muda mrefu hupungua sana mwilini. Kujinunulia diazepam, dawa ya kutuliza, dukani ni hatari. Ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi. Methadone, iliyoanza kutolewa nchini pale Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini, haitibu pombe.

Akishatulia ndipo atafute mkutano. Wa kuwauliza ni wahudumu wa afya ya akili hospitalini, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na soba hausi yoyote iliyo karibu. Swali liwe hili: "Mna mkutano siku gani, na mtu asiyelala hapo anaruhusiwa kuingia?" Soba hausi hulaza watu kwa miezi na mara nyingi familia huchangia gharama, lakini mkutano wenyewe ni bure. Mchango ukipitishwa, mgeni halazimiki kutoa. Anayedai ada ya usajili ili ukae kwenye kiti haendeshi mkutano wa NA wala wa AA. Uliza pia kama ni wa wazi au wa kufungwa, maana kwenye ule wa wazi mke au mama anaweza kukaa asikilize.

Mikutano ya mtandaoni inafaa kwa aliye mbali, ila saa huwachanganya wengi. Ikiandikwa 19:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 1 usiku. Ikiandikwa 16:00 UTC, ni hiyo hiyo saa 1 usiku.

Mkutanoni mtu hutaja jina la kwanza tu. Mmoja akisema, wengine hawamkatizi wala kumpa ushauri. Mgeni anaweza kusema "leo nasikiliza" na ikatosha. Kosa kubwa la wageni ni kufika wamechelewa na kuondoka wa kwanza, kwa sababu namba za simu hutolewa baada ya watu kusimama. Mwanamume achukue za wanaume, mwanamke za wanawake. Mwanamke aulize mapema kama kuna mwanamke mwenzake, maana kumbi nyingi zimejaa wanaume, na akikuta yuko peke yake nashauri aende na dada au shoga yake kwenye mkutano wa wazi.

Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi, nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani. Simu ya mnywaji huwekwa rehani mapema. Na apige kabla ya ile saa anayotoka kwenda kilabuni, akiwa bado hajavaa viatu.

Akianguka, yaani akinywa tena, arudi mkutano unaofuata. Hata akija amelewa, kwa kawaida huruhusiwa kukaa, ila ataombwa asizungumze siku hiyo.