Nilivyoomba Bili Ndani ya Daladala ya Mong Kok

Kwa kuwa jirani yangu wa Mombasa amekwisha kuwarushia ujumbe wake wa sauti, ambao ndani yake anacheka kuliko anavyosimulia, naona ni haki yenu kulipata tukio la jana la hapa Hong Kong kutoka kwa mwenyewe kabla halijaongezwa chumvi zaidi.

Msimamo wangu kuhusu Kikantoni, lugha ya huku, mnaujua: lugha yenye toni 6 haikaririwi kitabuni, bali huokotwa pale pale inapotumika. Namba nilizipata kwa wauza mboga, kwa kuuliza "gei do chin", yaani bei gani, hata pale ambapo bei imeandikwa wazi. Sehemu kubwa ya maarifa yangu, hata hivyo, imetoka katika mikahawa ya yam cha, ambako watu hukaa na birika la chai na vikapu vya mianzi vyenye vitafunwa vya mvuke, na mhudumu, pamoja na haraka zake zote, hupata nafasi ya kumrekebisha mgeni. Ile "m-goi", yaani tafadhali na ahsante kwa pamoja, haitusumbui sisi hata kidogo, maana ulimi uliozoea kutamka mtu na mgonjwa hauwezi kuishangaa. (Wingi wake si "wagoi". Msiniulize tena.)

Somo lililobaki lilikuwa la daladala. Zile za paa jekundu njia zake hazipangwi na serikali kama za paa la kijani, viti havizidi 19, kusimama ni marufuku, na kondakta hakuna. Anayetaka kushuka hupaza sauti, "Yau lok, m-goi!", dereva akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Tulipanda Mong Kok gari la kwenda Kwun Tong, tukikusudia kushukia Ngau Tau Kok, na jirani yangu akanikabidhi jukumu la kupaza sauti. Nililipokea kwa majivuno.

Ndani palikuwa kimya. Juu ya kichwa cha dereva kulikuwa na kibao cha mwendo chenye tarakimu nyekundu, nami nilikikodolea macho huku nikirudia maneno yangu moyoni kama mshenga anayepeleka posa. Tulipokaribia, jirani akanigusa kwa kiwiko. Nikavuta pumzi, nikanyoosha mgongo, nikafungua kinywa, na kwa sauti iliyofika mpaka kiti cha nyuma kabisa nikatangaza:

"M-goi, mai dan!"

Kwa wale ambao hawajawahi kula huku, hayo ndiyo maneno ya kumwomba mhudumu alete bili. Naomba pia izingatiwe kwamba toni zilikuwa sahihi zote, kiasi kwamba hakuna abiria aliyeweza kunisitiri kwa kujifanya hakuelewa. Kijana mmoja alitoa spika za masikioni. Dereva alinitazama kwenye kioo, kwa utulivu mkubwa, wala hakupunguza mwendo, kisha akauliza: "Da bau a?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Tatizo ni kwamba swali hilo nalijua vizuri sana, kwa sababu mhudumu wangu huniuliza hivyo hivyo kila nikimaliza kula: je, nikufungie mabaki? Ulimi wangu, ulipojikuta umerudi katika njia unayoifahamu, haukungoja ruhusa ya kichwa. Ukajibu kwa furaha: "Hou a, m-goi!" Ndiyo, nifungie, tafadhali.

Gari zima lililipuka. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amepakata mfuko wa mboga, aliinama kwa kicheko mpaka majani ya vitunguu yakamgusa paji la uso. Dereva alikuwa akipiga usukani kwa kiganja. Jirani yangu alijifanya hanijui, nayo Ngau Tau Kok ikapita dirishani taratibu, nikiiona.

Yaliyofuata hayana maana. Mama yule ndiye aliyetuitia "Yau lok!", tukashuka Kwun Tong, tukarudi kwa treni kituo kimoja, tukachelewa.

Nabakiwa na jambo moja la kusahihisha katika ule ujumbe wa sauti. Si kweli kwamba nilimwachia dereva bakshishi. Nilimpa noti ya dola 20, na kwa haraka niliyokuwa nayo ya kutoka mle ndani, sikusubiri chenji.