Bahari ya Japani: ilifunguka kama milango, au iliraruliwa kwa kuvutwa pembeni?

Bamba moja la gandunia linapozama chini ya jingine, mtu hutarajia kilichoko juu kibanwe. Nyuma ya tao la volkeno la Japani mambo yalikwenda kinyume. Hadi miaka milioni 25 hivi iliyopita, Japani ilikuwa ukingo wa bara la Asia, imeshikana na Korea na pwani ya mashariki ya Urusi ya leo. Ukingo ule ulimeguka, ukasogea upande wa Pasifiki, na nyuma yake likabaki bonde lenye kina kinachozidi mita 3,500. Hadi hapo wanajiolojia wengi wanakubaliana. Wanachobishania ni namna ulivyomeguka.

Kundi la kwanza linasoma usumaku. Lava ikipoa hutunza ndani yake mwelekeo wa kaskazini wa siku ile. Mwaka 1985 Yo-ichiro Otofuji na wenzake walionyesha kwamba miamba ya zamani ya kusini-magharibi mwa Japani inaelekeza kaskazini ya uongo, iliyopinda nyuzi zaidi ya 40 kuelekea mashariki, na ile ya kaskazini-mashariki imepindia magharibi. Wakahitimisha kwamba nusu mbili za nchi zilijizungusha kama milango miwili, bawaba moja ikiwa upande wa Korea na nyingine kaskazini. Mahali milango ilipoachana pakabaki Fossa Magna, bonde lililojaa mashapo mazito katikati ya kisiwa cha Honshu.

Kundi la pili, akiwemo Mfaransa Laurent Jolivet, linasoma nyufa. Kutoka kisiwa cha Sakhalin cha Urusi hadi kisiwa cha Hokkaido cha Japani kuna nyufa ndefu za kaskazini-kusini ambazo pande zake zilipishana kwa kuteleza. Kwa maoni yao, Japani iliburutwa kuelekea kusini kando ya nyufa hizo, na ardhi iliyobaki nyuma ikanyooshwa hadi ikararuka. Miamba iliyogeuka, wanasema, ni vipande vidogo vilivyosokotwa kati ya nyufa.

Udhaifu wa hoja ya milango, kama ilivyotolewa mwanzoni, ulikuwa muda. Ilidai mzunguko ulitokea miaka milioni 15 hivi iliyopita na kwisha ndani ya takriban miaka milioni moja. Piga hesabu: kusogea mamia ya kilomita kwa muda huo ni makumi ya sentimita kila mwaka, wakati mwendo mkali kuliko wote unaopimwa leo kati ya mabamba, kaskazini mwa mfereji wa bahari wa Tonga katika Pasifiki, ni kama sentimita 24. Kisha mwaka 1989 meli ya JOIDES Resolution ikatoboa sakafu ya bahari yenyewe. Basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa, iliyotolewa kwenye Bonde la Yamato, sehemu ya sakafu hiyo, ilikuwa na umri wa miaka milioni 18 hadi 21 hivi. Bonde lilikwisha kuanza kufunguka kabla ya milango kusogea! Vipimo vya baadaye vimeurudisha mzunguko nyuma, kati ya miaka milioni 18 na 16 hivi, na mwendo ukapungua ukali.

Lakini hoja ya kuraruka nayo haitoshi. Vipande vidogo vikisokotwa kila kimoja kivyake, kila kimoja kitaelekeza kwake. Kaskazini-mashariki ndivyo ilivyo, vipimo vimetawanyika. Kusini-magharibi vinakubaliana kwa mamia ya kilomita, na hilo haliwezekani isipokuwa ardhi yote ile iligeuka kwa pamoja. Kwa hiyo naona kusini-magharibi ni mlango kweli, kaskazini-mashariki ni vipande, na kunyooka kwa ardhi kulitangulia vyote viwili.

Mashapo yanaunga mkono mpangilio huo wa hatua kwa hatua. Chini kabisa pwani ya Japani kuna majivu ya volkeno yaliyogeuka kijani, pamoja na mashapo ya mito na maziwa. Juu yake linakuja tope la bahari, kisha maganda ya diatomi, viumbe vidogo sana vya majini vyenye gamba la silika. Mji wa Suzu, kwenye rasi ya Noto, watu huchonga majiko ya mkaa moja kwa moja kutoka kwenye mwamba huo mwepesi. (Kenya nayo huchimba diatomaiti, mwamba wa aina hii, huko Kariandusi, ila ile ni ya ziwa la Bonde la Ufa.)

Ubishi huu unagusa watu walio hai, maana miaka milioni chache iliyopita mvutano uligeuka kuwa mbano, na nyufa zilizofungua bahari sasa zinasukumwa kinyumenyume. Tetemeko la 1983 na tsunami yake liliua watu zaidi ya 100. La 1993, karibu na kisiwa cha Okushiri, zaidi ya 200. Tarehe 1 Januari 2024 pwani ya Noto iliinuka hadi mita 4 hivi, bandari ndogo za wavuvi zikabaki nchi kavu.

Kinachokosekana ni sampuli za chini zaidi. Huko Yamato basalti ilipenya ndani ya tope lililokuwa bado laini na bichi, hivyo kile ambacho mawimbi ya sauti yalikionyesha kama sakafu si sakafu, na mashimo ya 1989 hayakuvuka tabaka hizo. JOIDES Resolution ilirudi 2013, lakini kutafuta historia ya monsuni. Mwaka 2024 Marekani ikaacha kuigharamia.