Jogoo alikula nini kichwani kwangu

Kwanza mjue kitu kimoja, mimi nywele nimeanza kuwa nazo nikiwa na miaka 19. Msicheke. Huku Uganda wasichana wengi wa shule ni kipara tu, unaanza praimari mpaka unamaliza S6 (kidato cha sita), mwalimu akiona zimezidi kidogo anakutoa mstarini, kwa hiyo wakati wasichana wa kwingine wanafundishwa na mama zao kusuka na kuchana sisi tulikuwa tunajifunza kukwepa mkasi. Nilipomaliza nikaapa, hakuna mtu atanigusa kichwa tena. Zikaanza kutoka. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, sasa zangu ni kipilipili cha kweli kweli, zinaota sentimita moja zinanywea nusu yake, ukipima na rula unaona kama zinarudi ndani.

Nikanunua shampuu. Nikawa naosha kila siku maana nilivyoona lile povu nikajua kazi inafanyika. Wiki mbili tu, nywele zimekuwa steelwaya ya kusugulia sufuria. Jirani yetu hapa Walukuba, mama mmoja Mwacholi (Walukuba Jinja ni estate ya watu wa viwandani, kila kabila lipo, ndo maana Kiswahili ndicho cha uani), akanishika kichwa akasema, "Mwanangu, hizi unazifua kama shuka. Hiyo sabuni inatoa uchafu na mafuta yote, na mafuta ya kichwa kwenye nywele za kujikunja hata hayafiki nchani. Tafuta kondishona." Nikarudi dukani nikachukua chupa inayofanana na ya kwanza, nikatumia mwezi mzima huku nashangaa hii kondishona mbona ina povu jingi hivi. Ilikuwa shampuu. Lebo sikusoma.

Maji ya mchele nayo nilijaribu, nikayasahau uvunguni siku nne, mdogo wangu akahamisha kitanda anatafuta panya aliyekufa. Hiyo tuiache.

Sasa ikafika kwanjula (sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba nyumbani kwao) ya binti wa mama mdogo, kule Bugembe, na mimi nimo kwenye wasichana wa kupokea wageni. Nikasema nywele lazima zing'ae. Kwenye simu nikasoma bogoya mbili, mayai mawili, asali kijiko kimoja, eti protini. Bogoya kwa asiyejua ni ile ndizi ndefu nene ya kula mbivu, usichanganye na matooke, ndizi za kupika. Alfajiri ya siku yenyewe (ndiyo, siku yenyewe, akili ilikuwa wapi sijui) nikaponda kwa uma, maana blenda hatuna na hata tungekuwa nayo umeme ulikuwa umeenda. Mabonge niliyaona. Nikajiambia yatayeyuka yenyewe. Nikapaka kichwa kizima, nikafunga kaveera (mfuko wa plastiki), nikakaa saa nzima najiona mrembo, uji unanitiririka shingoni.

Nafungua bomba: shhhh. Upepo. Maji yamekata. Majerikeni yote matupu kwa sababu zamu ya kujaza ilikuwa ya nani? Yangu. Saa mbili na nusu imefika, taksi tuliyokodi inakuja saa tatu, na maji pekee nyumba nzima yako kwenye flaski ya baba ya chai.

Nikainama juu ya beseni nikamimina.

Kwanza nilipiga kelele, maana yalikuwa ya moto bado. Halafu nikasikia kitu kinabadilika chini ya vidole. Kilikuwa kinateleza, kikaacha kuteleza. Nikavuta kidogo nikaleta mbele ya macho: kipande cheupe chenye kingo za njano, katikati kimepitiwa na nywele tatu kama uzi kwenye shanga, na ubavuni kimeng'ang'aniwa na bonge la bogoya. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 hivi, kiini nacho hakikai mbali. Hiyo fizikia nilisoma jioni. Asubuhi ile nilichojua ni kwamba nimepika.

Mdogo wangu akachungulia mlangoni, akatazama kichwa, akatazama beseni, akakimbia uani anapaza sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Dada amekaanga rolex kichwani! Bado chapati tu!" (Rolex huku siyo saa, ni mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati.)

Nikachukua kitana. Kitana kikaingia, hakikutoka, meno mawili yakabaki huko na mayai. Majirani wakaja kusaidia, yani kusaidia maana yake wanakaa kwenye ngazi wanacheka halafu mmoja anachomoa kipande anauliza hiki nacho ni cha kiini au cha ndizi. Taksi inapiga honi. Ikabidi nizibane nyuma fundo moja, nikapaka jeli juu kama mtu anayepiga plasta ukuta wenye ufa, nikavaa gomesi (gauni letu la sherehe) nikaondoka. Ndani ya taksi hakuna aliyesema kitu, ila madirisha yalifunguliwa yote kwa wakati mmoja.

Kwa mbali, kweli, sikuwa mbaya. Tatizo la kwanjula hakuna kwa mbali. Msichana anapiga magoti kusalimia, anainamisha kichwa, na ukiinamisha kichwa mbele ya mtu aliyeketi unakuwa umemwekea utosi chini ya pua kabisa. Senga (shangazi) wa upande wa bwana harusi nilimsalimia vizuri tu, akaitikia, akanyamaza, akavuta hewa mara mbili. Akamwinamia mwenzake akamuuliza kama chakula kimeshaanza kuandaliwa.

Wakaanza kuleta zawadi. Vikapu, sukari, magunia, na yule jogoo wa kupewa kaka wa bibi harusi, maana bila jogoo wa muko (shemeji) shughuli haijakamilika. Akaletwa ndani ya kikapu kizuri kimefungwa utepe, miguu imefungwa, kichwa kiko nje. Na nani aliyepiga magoti kukipokea? Mimi. Nikakipakata kifuani, nikainama kwa heshima.

Jua la saa nane limeshayeyusha jeli yangu. Nikasikia tk. Nikadhani utepe. Tk, tk. Yule ndege alikuwa amenyoosha shingo amepitia juu ya sikio langu, anadonoa taratibu, bila haraka, kama mzee aliyeletewa sahani yake. Siwezi kukitupa kikapu, siwezi kusimama, wageni mahema mawili wananitazama. Nikajaribu kusogeza kichwa pembeni, akafuata. Akavuta kipande kirefu cheupe, kikaning'inia mdomoni mwake watu wote wanakiona, akakimeza.

Mwogezi (msemaji) wa wageni, na mnawajua wale, kazi yao ni kutoacha kitu kipite, akachukua maikrofoni: "Ndugu zangu, sisi hatujakaribishwa hata maji, lakini naona kuku wetu ameshapewa chakula cha mchana." Hema lote likaanguka kwa kicheko. Hata senga. Hasa senga.

Jioni yule mama Mwacholi alinikalisha kwenye kigoda bila kuuliza kitu (alishasikia). Akamimina kondishona, safari hii ya kweli, karibu nusu chupa, akagawa nywele mafungu manane, akawa anachambua kwa vidole kuanzia nchani kwenda juu, hakugusa kitana. Ilimchukua muda wa saa mbili na nusu. Alivyomaliza akanipaka moo yaa (siagi ya shea) yake ya kutoka Gulu, ile ya huku kwetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, ukiiweka kiganjani inayeyuka. Huku ananiambia protini ya yai zima ni kubwa mno haiingii ndani ya unywele, inakaa juu tu, yani hata ningesuuza na maji baridi vizuri faida yangu ingekuwa harufu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Uliniuliza lini?"

Kipande cha mwisho nilikitoa Jumanne, nyuma ya sikio, nikiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Binamu yangu, yule kaka wa bibi harusi, hajamchinja yule jogoo mpaka leo. Kila nikienda Bugembe anamleta sebuleni anamweka mapajani, halafu ananiambia, "Salimia, mwenzako anakuulizia kama umeleta."