Mashine Haikatai

Wiki iliyopita, ndani ya Mkanda, njia ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yameanza kupwa na upepo wa kusi ukituvumia usoni, mashine ya jahazi letu ilizimika, na nahodha wangu, mzee ninayemheshimu kama baba, akatamka maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni katika visiwa hivi vya Lamu: "Mashine imekataa, mwanangu." Sikumjibu, kwa kuwa si adabu kumbishia nahodha mbele ya abiria wake. Niliyoyameza siku ile ninayaandika leo, naye nilipomwarifu kwamba nitayaandika alisema niyaandike yote. Mashine haikatai. Mashine huachwa, siku baada ya siku, mpaka siku moja inasimama mahali ambapo hatuna lingine la kutegemea.

Tulikuwa tukirudi kutoka Kiwayu na wageni wanne, na pale Faza tulikuwa tumempakia mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mwanawe mwenye homa hospitalini Lamu. Anayepita Mkanda anaujua ulivyo: mikoko huku na huku, njia nyembamba isiyo na nafasi ya chombo kubisha dhidi ya upepo kwa tanga, na maji yakitoka umebaki matopeni. Tulikaa pale zaidi ya saa sita, hadi maji yaliporudi, ndipo tukapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, hadi tukatoka. Mtoto alitibiwa na sasa ni mzima, alhamdulillahi. Lakini nilimwona mama yake akimpangusa uso kwa ncha ya leso iliyoloweshwa, saa nzima, kisha saa nyingine, chini ya turubai tulilomtundikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno la kumwambia.

Nilipofungua pampu ya maji ya bahari yanayopoza mashine, nilikuta kile nilichokihofia. Chujio lilikuwa limejaa majani ya bahari pamoja na kipande cha mfuko wa plastiki; Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, lakini bahari bado inaturudishia ile tuliyoitupa. Impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa lililomo ndani ya pampu, hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma; yakikosekana, inajisugua kavu, na dakika chache zinatosha kuiua. Mabawa matatu kati ya sita yalikuwa yamekatika, na ilibidi nivitafute vipande vyote vitatu ndani ya mabomba, kimoja kimoja, kwa sababu kikibaki hata kimoja kitakwenda kuziba njia ya maji mahali pengine na mashine itachemka tena. Akiba ya impela hatukuwa nayo. Chujio lile hufunguliwa kwa mkono mtupu, bila spana, na halikuwa limefunguliwa tangu tulipong'oa nanga Lamu siku nne nyuma. Kulifungua ilikuwa kazi ya kila mtu, kwa hiyo haikuwa kazi ya mtu yeyote.

Kinachoniuma ni kwamba mabaharia hawa hawa si wazembe. Ukiishi nasi humo chomboni utaona jinsi tunavyolitunza jahazi kama mzazi mkongwe. Alfajiri, kabla hujapambanua uso wa mwenzako, mtu amekwisha kuitazama ngama, yale maji yanayojikusanya chini ya chombo, na kwa kuiona tu anajua kama usiku chombo kimevuja kuliko jana. Tanga likichanika uzi mmoja linashonwa siku hiyo hiyo, na kamba inayoanza kulika hubadilishwa kabla ya mtu kuagizwa. Maji yakijaa sana, wakati wa bamvua, tunakipandisha chombo ufukoni, tunakikwangua, tunakichoma kwa makuti ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, tunakitia kalafati ya kuziba nyufa palipolegea na kukipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na mbao za juu tunazipaka sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka nguo zetu zinanuka wiki nzima. Hakuna anayelalamika, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Sijapata kumsikia baharia akisema kwamba mbao zimekataa. Chombo kikivuja, tunajua kuna mkono ambao haukufanya kazi yake, na mwenye mkono huo mwenyewe huona haya.

Kwa nini basi mashine, iliyomo ndani ya chombo hicho hicho, tunaifanya mgeni? Naamini ni kwa sababu tanga tulilirithi na mashine tuliinunua. Tanga lina babu aliyetufundisha. Mashine ina fundi wa mjini ambaye huitwa ikiharibika, na akishaondoka tunafunga kifuniko kama tunavyofunga mlango wa chumba cha mtu mwingine. Wazee husema kwamba wao walikwenda Arabuni na kurudi bila mashine. Ni kweli, na Mungu awalipe. Lakini wao walingoja msimu uwapeleke na msimu uwarudishe, ilhali sisi tumemwahidi abiria kwamba atafika Lamu kabla ya magharibi. Wenye vyombo nao husema kwamba vipuri ni ghali. Hilo pia ninalikubali, ingawa impela moja haifikii hasara ya siku moja ya kulala matopeni.

Ninachokitaka ni dakika kumi. Baada ya sala ya alfajiri, wakati mpishi anapepea makaa katika sanduku lake la mchanga na wageni bado wamelala sitahani, mashine iko baridi, na huo ndio wakati wa kuizungumzisha. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukitazame kiwango na rangi. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na siku hiyo usiiwashe. Tazama maji ya kupoza. Funga koki ya chini inayoingiza maji ya bahari, fungua chujio, toa majani, lifunge, kisha ufungue koki tena, na hili la mwisho usilisahau kamwe. Ibonyeze belti kwa kidole gumba. Halafu washa, uinamie upande wa ekzosi hadi uyaone maji yakitoka kwa mkupuo. Yasipotoka, zima papo hapo, kabla ya kutafuta sababu.

Dizeli yetu inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu visiwani tunainunua kwa madumu ambayo hatujui jana yalibeba nini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Dumu likitulizwa usiku kucha, na ile ya chini isimiminwe, na inayomiminwa ipite katika kitambaa safi, nusu ya matatizo yanabaki nje ya tangi. Nusu nyingine hunaswa katika kibakuli cha chujio la dizeli, ambacho kina kizibo cha kumwagia chini yake, na nimewahi kuona vyombo ambamo kizibo hicho kimepakwa rangi juu kwa juu, ishara kwamba hakijaguswa tangu kilipofika.

Kisha kuna daftari. Vitabu vya mashine nyingi ndogo za baharini hutaka oili ibadilishwe kati ya saa 100 na 250 za kazi, na sisi saa hizo tunazikisia kwa kukumbuka harusi na sikukuu. Daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi linatosha: tarehe, saa ilipowashwa, saa ilipozimwa, kilichoonekana, na jina la aliyetazama. Jina ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloigeuza kazi ya kila mtu kuwa kazi ya mtu. Na oili chafu iliyotolewa irudi na dumu hadi mjini, isimwagwe pamoja na ngama katika maji tunamovua.

Jumatatu nilinunua impela mbili na daftari moja, nikavitia katika sanduku la mbao karibu na usukani, wala sikusema kitu. Jana alfajiri niliamka nikamkuta nahodha amekwisha kuinua kifuniko cha mashine, tochi ikiwa katikati ya meno yake, akilifungua chujio kwa mikono yake mwenyewe. Alitoa kiganja kimoja cha majani ya bahari, akayatazama, akayatupa nje ya chombo. Kisha aliitoa tochi mdomoni, akaniambia niandike.