Fundi wa kujua "kwa nini"

Wiki iliyopita ililetwa kazini kwetu, huku Marekani, mashine ya kukata nyasi iliyogoma kuwaka. Ukivuta kamba inarudi kwa nguvu hadi vidole vinauma. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kabureta, maana ndivyo nilivyolelewa: injini ikigoma, fungua kabureta, puliza jeti, piga plagi msasa. Nikafanya yote hayo, wapi!

Kijana wa miaka 19 ninayefanya naye kazi akauliza swali moja: kisu kiligonga kitu? Akafungua flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, akanionyesha ile kii inayoishikilia isihame kwenye mhimili wa injini, kipande cha chuma laini kisichozidi ukucha, imekatika. Kisu kiligonga mzizi, injini ikasimama ghafla, flaiwili ikataka kuendelea. Kii ikakatika, flaiwili ikahama kidogo, na tangu hapo sumaku zake zinapita kwenye koili, inayotoa umeme wa plagi, mapema mno, moto unapiga wakati pistoni bado inapanda. Kii hiyo imetengenezwa laini makusudi, ikatike yenyewe ili krenkishafti, yaani mhimili huo wa injini, ipone.

Mimi nimebadilisha kii za namna hiyo nyingi tu. Nilijua zinakatika. Kwa nini zinakatika, na kwa nini mashine ikishagonga kitu nianzie huko na si kwenye kabureta, sikuwahi kuambiwa na mtu.

Kijana yule ana miaka miwili tu kwenye kazi. Ukutani kwake kuna vyeti viwili vya EETC, baraza linalotahini mafundi wa injini ndogo huku. Mitihani yao imekatwa vipande: injini za mipigo minne peke yake, zile za kuchanganya oili na petroli peke yake, umeme, majenereta, dizeli ndogo, na upo wa misingi kwa anayeanza. Hakuna sheria ya nchi nzima inayokulazimisha kuwa navyo ndipo ushike spana. Watu wanavitafuta kwa sababu mwajiri akikiona cheti anajua mwenye nacho ameulizwa "kwa nini" na akajibu.

Najua mtakayosema. Kwamba nimepanda ndege juzi na leo nawadharau mafundi walionilea. Kwamba mafundi wa huku kazi yao kubadilisha vipuri tu. Hilo la pili lina ukweli, tena nalisema kifua mbele: nimewaona wakitupa injini ambayo mjomba wangu, aliyenifundisha kazi, angeikatia gasketi ya boksi, akasaga valvu kwa mkono, na jioni ingekuwa inavuta maji. Mikono kama ile sijaikuta huku. Ndiyo maana naumia. Mikono ile ingekuwa na maelezo yake, nani angetufikia?

Mwingine atasema VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wapo, na siku hizi wanarasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia mtaani. Wapo, na nawaunga mkono. Ninaowalaumu ni sisi mafundi wenyewe. Kijana anakuja kujifunza, mwaka wa kwanza anaosha vipuri, wa pili anashika taa, na akiuliza swali anaambiwa "tazama tu." Tunaogopa akijua atafungua kijiwe chake jirani. Siri ya kazi, tunaita. Kisha anapimwa, mikono inafanya vizuri, lakini akiulizwa sababu anakwama, na wateja wetu tunaosema hawatuthamini wanapata la kusema. Sikubali kwamba huo ni utamaduni wa kulindwa. Ni woga, na mimi mwenyewe niliwafanyia hivyo vijana wawili kabla sijaondoka.

Chukua mfano wa koili. Mjomba alinifundisha kuirudisha kwa kupachika kipande cha kadi kati yake na sumaku ya flaiwili, kisha unakaza, unachomoa. Nikadhani ni ujanja wa umaskini, mpaka nilipoona mafundi wa huku nao wanatumia kadi! Nafasi inayotakiwa kwenye injini nyingi ndogo ni kama robo milimita, na kadi nyingi zina unene wa karibu hivyo. Mjomba alikuwa sahihi miaka yote, ila hakuwa na namba ya kumpa mwanafunzi aliyeokota kadi nene na kupata injini ngumu kuwaka.

Jumapili nikampigia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema nimtumie kile kipimo cha nafasi chenye vile vibamba vyembamba, na nimwandikie hizo namba kwa herufi kubwa, atazibandika pale vijana wanapoona.

Nimeanza na ile ya koili. Ya plagi nitaiandika leo usiku.