Roboti ya mezani itiwe gundi viungoni

Tulikuwa mzunguko wa nne wa mchezo wa vita vya mezani, unaochezwa kwa modeli ndogo na dadu. Roboti yangu ilikuwa imejibanza nyuma ya jengo la ghorofa tatu ikisubiri zamu yake. Zamu ilipofika niliishika mabegani, nikaisogeza inchi sita, nikaiweka. Kifundo cha mguu wa kulia kikalegea. Ikainama taratibu, nami nikabaki na mkono hewani, kisha ikaenda kifudifudi juu ya kikosi cha askari wa mwenzangu. Pembe moja ya dhahabu kwenye paji la uso ikakatika na kurukia chini ya meza. Tulisimamisha mchezo tukapiga magoti kuitafuta kwa tochi za simu.

Usiku uleule nilichukua gundi nikaifunga miguu yote miwili isikunjike tena. Iliniuma. Jioni tatu nzima nilikuwa nimekaa na koleo ya kukatia, kisu na msasa nikiunganisha magoti yale, na raha kubwa ya modeli za namna hii ni kwamba zinapiga goti, zinainua upanga, zinageuka. Lakini tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja, na ndio ninaoutetea hapa: modeli ya roboti ikishaamuliwa kuwa ya mchezo wa vita, ijengwe kama kifaa cha mchezo tangu kipande cha kwanza. Ukiiazima kutoka kabatini kwa ajili ya mchezo wa siku moja, itakuangusha.

Sisemi hivi kwa kuzidharau. Nazipenda mno. Bandai, kampuni ya Kijapani, walitoa modeli ya kwanza ya Gundam, roboti ya katuni, mwezi Julai 1980, kwa skeli ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko roboti inayosimuliwa), ikiuzwa yeni 300, na tangu hapo wametufikisha mahali ambapo mtu asiyewahi kushika brashi anaweza kujenga roboti yenye rangi nne au tano bila tone la rangi wala la gundi, kwa kubana vipande tu. Michezo ya vita nayo ina undugu wa muda mrefu na modeli hizi. BattleTech, mchezo wa vita vya roboti uliotoka mwaka 1984 ukiitwa BattleDroids, ulianza na roboti zilizochorwa Japani kwa ajili ya katuni. Kwa hiyo anayesema modeli hizi ni za maonyesho tu, hazina nafasi kwenye meza ya dadu, nadhani amesahau tulikotoka.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Gundam ya kwanza, RX-78-2, inasimuliwa kuwa na urefu wa mita 18. Kwa skeli ya 1/144 hiyo ni sentimita 12.5. Kwa 1/100 ni sentimita 18, na kwa 1/60 ni sentimita 30, yaani kama rula ya mwanafunzi iliyosimamishwa wima. Sasa mpime binadamu. Mtu wa mita 1.75 kwa 1/144 ana milimita 12. Kwa 1/100 ana milimita 17 na nusu. Askari wengi wa michezo maarufu ya kubuni wana milimita 28 mpaka 32, kwa hiyo ukimsimamisha mmoja wao kando ya roboti ya 1/144, jitu lako la mita 18 limegeuka ghafla kuwa mashine ya mita saba. Hakuna kosa hapo kama ndivyo unavyotaka, ila mlango wa rubani utakusaliti. Utaona kifua chenye kijilango ambacho askari yule hawezi kupitisha hata kichwa.

Mimi nimechagua njia nyingine: roboti za 1/144 na askari wa milimita 10 mpaka 12. Vifaru vya skeli hiyo vipo tele, na majengo ya wapenzi wa treni ndogo za 1/150 na 1/160 yanakaa vizuri kabisa, jicho halitofautishi. Mara ya kwanza nilipoweka kikosi cha askari wale miguuni pa roboti, nilinyamaza. Ilikuwa modeli ileile niliyoizoea miezi mingi rafuni, lakini sasa ndipo nilipouona ukubwa wake. Wanafika kwenye kifundo cha mguu wa chuma tu. Rafuni hakuna kitu cha kuipimia, na ndiyo maana rafuni haitishi.

Skeli ikishakaa sawa, kanuni nazo zinaanza kudai marekebisho. Chukua mwendo wa inchi sita, ambao ni wa kawaida kwa askari wa miguu katika michezo mingi. Kwa 1/144, inchi sita ni mita 22 hivi. Roboti yenye urefu wa mita 18 inapiga hatua tatu au nne tu kumaliza umbali huo. Meza ya futi sita kwa nne ni uwanja wa mita 263 kwa 176, na bunduki ya inchi 24 inafika mita 88. Silaha ya jitu la chuma inayoishia mita 88! Kwa hiyo kwangu silaha kubwa zote zinafika mwisho wa meza, mwendo unazidishwa mara mbili, na kazi ya kuokoa maisha ninawaachia majengo. Nyumba ya ghorofa tatu ina sentimita saba hivi na inaficha mpaka kiunoni. Jengo la ghorofa kumi lina sentimita 20 na ushei, linaificha roboti nzima. Mchezo unakuwa wa kuviziana mitaani, roboti mbili au tatu kila upande, na sijaona mchezo mzuri kuliko huo.

Anayecheza BattleTech kwa vyumba vya pembe sita atapata kikwazo kingine, kwani chumba kimoja cha ramani ya kawaida hakitoshi modeli hizi kusimama kwa miguu yote miwili. Alpha Strike, tawi lake linalopima kwa inchi, linamfaa zaidi. Zidisha vipimo, basi.

Nirudi kwenye gundi, ambako ndiko kwenye ubishi.

Michezo mingi huamua nani anamwona nani kwa mchezaji kuinama na kuchungulia kutoka nyuma ya modeli. Sasa ikiwa roboti inaweza kupiga goti, je, ikipiga goti nyuma ya ukuta imejificha? Na ikisimama zamu inayofuata, ilitumia mwendo kiasi gani? Nimeshuhudia marafiki wawili wenye heshima zao wakibishana kwa muda mrefu kuhusu goti. Modeli iliyogandishwa inamaliza ubishi huo kabla haujaanza: urefu wake ni huu, leo na kesho. Isitoshe, viungo huchoka. Kila unapoinyanyua roboti unakisugua kiungo, na baada ya michezo kumi nyonga iliyokuwa ngumu inaanza kuteleza.

Jinsi ya kuigandisha inahitaji uangalifu. Gundi ya kuyeyusha plastiki hushika vizuri vipande vya polistaireni, plastiki ngumu ya modeli hizi, lakini ndani ya viungo vya modeli nyingi mna vikombe laini vya polietilini, na hivyo havishikwi na gundi hiyo hata kidogo. Utadhani kimekauka, kesho yake kinazunguka kama zamani. Dawa yake ni waya. Toboa kwa drili ya mkono kutoka kwenye unyayo kupita kifundo mpaka ndani ya muundi, pitisha waya mgumu, uache sentimita moja itokeze chini ya unyayo, ujaze gundi ya epoksi. Hiyo sentimita inayotokeza ndiyo inayoingia kwenye kitako, yaani kibao ambacho modeli inasimama juu yake, na ndani ya kitako bandika pete bapa mbili tatu za chuma ili uzito ukae chini. Kabla epoksi haijashika, hakikisha nyayo zote mbili zimelala bapa na magoti yamekunjwa kidogo. Bunduki isivuke ukingo wa kitako, la sivyo itagonga kila ukuta unaopita.

Kama mkono unasita kabisa kutia gundi, kuna njia ya katikati: paka gundi kali nyembamba kwenye kijitufe cha kiungo kikiwa kimechomolewa, iache ikauke kabisa, ndipo ukirudishe. Kijitufe kinanenepa na kiungo kinakaza. Itakusaidia kwa miezi, si kwa miaka.

Hata hivyo sigandishi kila kitu. Kiuno nakiacha huru, na kichwa pia. Katika BattleTech kugeuza kiwiliwili huku miguu ikielekea kwingine ni sehemu ya kanuni, na hata pale ambapo kanuni haitaji jambo hilo, napenda mpinzani aone roboti yangu inamtazama nani. Silaha nazo nazitia sumaku viganjani, nibadilishe kabla ya mchezo. Miguu ndiyo yenye kubeba kila kitu, na miguu ndiyo ninayoifunga.

Neno moja la rangi: ukitaka kupitisha wino wa enameli kwenye mistari ya mwili, tangulia na koti la vanishi. Kiyeyushi chake kikipenya kwenye plastiki ya aina ya ABS, hasa sehemu iliyobanwa kwa nguvu, plastiki hupasuka vipande, na mara nyingi unagundua siku ya mchezo.

Kuna mashindano ambayo hayatakubali modeli hizi. Hafla za watengenezaji wenyewe wa Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa vita vya mezani, hutaka modeli zao, na hiyo ni haki yao. Ila mezani kwangu na kwa rafiki zangu hatuna mlinzi mlangoni. Tunaloombana ni moja tu, kila mtu aseme kabla ya dadu ya kwanza roboti yake inahesabiwa kuwa nini na ina silaha gani, na silaha hizo zionekane mwilini mwake.

Ile pembe hatukuipata. Watengenezaji huacha kijibonge kwenye ncha za pembe hizo kwa ajili ya usalama wa watoto, na wapenzi wengi hukinyoa ili ncha iwe kali. Mimi pia nilikuwa nimekinyoa. Nilichonga pembe mpya kwa kipande cha fremu ya plastiki ambayo vipande vya modeli huja vikiwa vimeshikamana nayo, kilichobaki sandukuni, fupi na nene kuliko ile ya awali, nikaitia waya kama miguu. Ukiitazama kwa karibu utaona pande mbili hazilingani. Jumamosi iliyopita iligongwa na mkono wa shati langu, ikatikisika na kitako chake chote, ikabaki imesimama.