Mwongozaji wa Kilimanjaro siye anayekumaliza mfuko

Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro lalamiko ni lile lile, na siku hizi halitoki kwa wageni tu bali hata kwa vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi waliokolea kutembea milimani: kwa nini nilazimishwe kumlipa mtu anionyeshe njia ambayo hata mtoto hapotei? Tangu 1991 hupandi mlima huu bila mwongozaji mwenye leseni. Mtu aliyezoea hifadhi za Marekani, ambako mara nyingi unachukua kibali, unajitwisha hema lako na kupotelea porini siku kadhaa pasipo kuulizwa na mtu, akifika getini Machame anaiona sheria hii kuwa ulaji mtupu.

Walalamikaji hawa hawajasema uongo. Anayetembea sana anajua utamu wa kuwa peke yake njiani, na Kilimanjaro utamu huo haupo: kikundi cha watu wanne huenda na mpishi, waongozaji na wagumu wa kubeba mizigo, wote wakifikia kambi moja na vikundi vingine vya aina hiyo hiyo. Njia ya Marangu hadi Mandara, kambi yake ya kwanza, ni pana na ina vibao. Mlima Aconcagua wa Argentina una mita 6,961, zaidi ya elfu moja kuliko kilele chetu cha Uhuru, na njia yake ya kawaida unaweza kuipanda bila mwongozaji. Tena mwongozaji si hirizi. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach hapa Kilimanjaro na kuua Wamarekani watatu ambao hawakuwa wamepanda peke yao.

Tatizo la hoja hizi ni kwamba zote zinamchukulia mwongozaji kama kibao chenye miguu.

Kamtazame kambini Barafu, mita 4,673, jioni ya kuamkia kilele. Anapita kwenye hema la chakula na kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, lakini hakitegemei sana. Anatazama sahani: nani ameacha chakula? Anamwomba mmoja afunge kamba za viatu huku akimpigia soga, aone vidole vinavyotii. Usiku wa manane msafara ukianza kupanda, macho yake yako kwenye miguu ya watu, maana ubongo unapoanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, mtu huyumba kama mlevi, pengine kabla hajalalamika. Na hapo ndipo ilipo hoja nzima. Mgonjwa wa mwinuko ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Atakwambia yuko sawa, atakasirika ukimbishia, ataapa kwamba kilele ni pale tu. Dawa ya kwanza ni kushuka, na anayepaswa kuamua kushuka ni kichwa kile kile kilichokwisha kuharibika. Uzoefu wa milima kumi na nguvu za mwili havikusaidii hapo, kwani vijana wenye kifua ndio wanaokimbia wakaanguka. Anatakiwa mtu wa pili ambaye mwili wake umeshazoea hewa ile, mwenye mamlaka ya kusema tunarudi.

Wanaoshika bango la Aconcagua husahau kutaja kwamba kule kuna madaktari wa hifadhi kambini, na mpandaji lazima apimwe kabla ya kuendelea juu. Serikali ya kule haikumwachia mtu roho yake mkononi. Imemweka daktari mahali ambapo sisi tumeweka mwongozaji. Nepal nayo, kuanzia Aprili 2023, iliwapiga marufuku wageni kutembea njia zake nyingi bila mwongozaji.

Sasa pesa. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na dola 20 za uokoaji. Safari ya siku saba ni dola 810, ongeza VAT ya asilimia 18, unakaribia 956, na hujanunua hata kiazi. Mwongozaji je? Tuseme umlipe dola 30 kwa siku, kikundi kiwe cha watu wanne: kila mmoja anatoa dola 52 na senti kwa safari nzima. Huyu ndiye mwizi?

Kinachoniudhi zaidi ni zile tozo kuhesabiwa kwa siku. Ukipunguza siku moja umeokoa takriban dola 142, na kampuni zinazouza bei ya chini hapo ndipo zinapopunguza. Kuna takwimu zinazozunguka mno kwenye matangazo ya safari, zikinasibishwa na hifadhi yenyewe mwaka 2006: waliopanda kwa siku tano walifika kileleni asilimia 27, kwa siku nane asilimia 85. Ni za zamani, na anayenunua siku nane huenda pia alijiandaa vizuri zaidi, kwa hiyo sizibebi kama msahafu. Lakini mwelekeo wake hauna mpandaji atakayeubisha, na asiyefika mara nyingi ni mtu aliyesukuma mwili hadi ukakataa. Tunamlazimisha mgeni kuwa na mwongozaji kwa ajili ya usalama, kisha tunampangia bei inayomkimbiza. Mwongozaji anapewa siku tano afanye kazi ya siku nane, mteja akizimia lawama ni zake.

Kwa Mtanzania hesabu inageuka, na hapa vijana wana haki. Kiingilio chake ni shilingi 10,000 kwa siku, hivyo ujira wa mwongozaji kwa siku moja unaweza kulingana na kiingilio cha wiki nzima. Anayetaka tu kwenda Mandara na kurudi jioni, mita 2,700 hivi, anapita msituni ambako hatari kubwa ni matope. Huyo aandikishe jina na namba ya simu getini, aache saa ya kurudi, aende zake. Kupanda zaidi ya hapo kwa nia ya kulala, sheria ibaki.

Na tozo za wageni zipangwe kwa safari badala ya siku: hifadhi itoze kama siku sita, ya saba na ya nane ziwe bure. Hazina itasema inapoteza. Lakini wanaonunua siku tano watalipa zaidi ya sasa, wa siku sita hawabadiliki, na wagumu watapata siku mbili zaidi za ujira, ambao kwa miaka mingi umetajwa kuwa shilingi 20,000 kwa siku, pale wanapolipwa kwa haki. Hilo la kulipwa kwa haki ndilo ningependa kuona likipigiwa kelele getini, pale mizigo yao inapopimwa isizidi kilo 20.